Jua Liko Hapa, Mvua Iko Kule

Mtu aliyekulia Gatwekera au Silanga, Kibera, hahitaji kuambiwa kwamba maji hayangoji mvua inyeshe juu ya kichwa chake. Mto Motoine unateremka kutoka upande wa Dagoretti, unakatiza msitu wa Ngong Road, kisha unapita pembezoni mwa Kibera ukielekea Bwawa la Nairobi. Mawingu yakifunga kule juu, Kibera inaweza kuwa kavu kabisa, watoto wako nje wanacheza na mama wa chapati anasukuma unga wake, lakini kina mama wa nyumba za chini wamekwisha kuanza kuondoa vitu sakafuni. Wanajua kwa pua. Matope yaliyolala chini ya mto ndiyo huamka kwanza, uvundo ukapanda. Kisha rangi ya maji hubadilika. Kisha huja taka nyepesi, chupa za plastiki na vipande vya sponji, zikitangulia maji yenyewe. Godoro linapandishwa juu ya meza, unga juu ya kabati, mtoto anapelekwa kwa jirani wa juu. Hakuna anayesubiri kuyaona maji mlangoni ndipo ahame.

Elimu hii ni kubwa, na wenye nayo hawaihesabu kuwa elimu. Naandika makala haya kwa sababu naona inavyoachwa nyumbani siku ya safari. Chama kinachanga miezi na miezi, matatu inakodiwa, watoto wanavalishwa nguo za sikukuu, na tukifika hifadhi ya Hell's Gate tunageuka wageni kweli kweli. Tunaamini kwamba mahali palipolipiwa tiketi lazima pawe salama.

Sishangai kwamba watu wa Kibera na Kawangware wanaipenda Hell's Gate. Iko Naivasha, kilomita 90 hivi kutoka Nairobi, unaenda na kurudi siku moja. Kwa watu wa Kawangware, hata barabara inayopita mtaani mwao inaitwa Naivasha Road. Tangu ilipotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1984, imekuwa miongoni mwa hifadhi chache nchini ambamo mtu anaruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli huku pundamilia na twiga wakimtazama. Huhitaji kukodi gari la watalii. Unaingia, unaona mwamba mrefu uliosimama peke yake na kupewa jina la Gustav Fischer, Mjerumani aliyepita huko mwaka 1883, unaona mvuke wa Olkaria ambako umeme wa joto la ardhini ulianza kuzalishwa mwaka 1981, na jua linakuchoma shingo. Vumbi la volkano ni jepesi, linaingia hadi ndani ya soksi. Mahali pakavu namna hiyo hapamfanyi mtu awaze mafuriko.

Lakini kinachowavuta watu wengi ni korongo la Ol Njorowa, na korongo hilo ni kazi ya maji. Zamani sana Ziwa Naivasha lilikuwa kubwa kuliko lilivyo leo, na lilipojaa lilimwaga maji yake kusini kupitia hapo. Maji hayo ndiyo yaliyochonga kuta zile. Ziwa lilipopungua, mto uliondoka, njia yake ikabaki. Anayeshuka korongoni anashuka mtoni, na maji ya vilima vya jirani hayajasahau njia hiyo.

Ukishuka, mwongozaji anakuonyesha pa kuweka mguu na pa kushika. Mwamba ni wa majivu ya volkano yaliyogandamana, laini kiasi cha kukwaruzika kwa kucha. Kuna mahali maji ya moto yanachuruzika ukutani na watoto wanagusa kwa ncha ya kidole wakipiga kelele za furaha. Kuna mahali kuta zinakaribiana hadi ukinyoosha mikono unashika huku na huku, na mbingu inabaki kipande chembamba juu yako. Pazuri mno, na pale penye uzuri wote huo ndipo pasipo na pa kukimbilia. Wingu lililo upande wa pili wa kilima hulioni. Simu haitegemewi. Na mwamba ule ule laini, ukilowa, unamomonyoka mkononi mwako.

Mwezi Aprili 2012, vijana saba wa kikundi cha kanisa walikufa humo baada ya maji kuwafikia ghafla. Jumapili ya tarehe 1 Septemba 2019 wakafa wengine saba, mmoja wao akiwa mwongozaji wa watalii, na Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) likalifunga korongo wakati huo. Mara mbili, watu saba saba, katika njia ile ile ya maji. Waliokufa hawakuwa wazembe wala wakaidi kupita wengine. Walikuwa watu waliotoka kwenda kufurahi, kama mimi na wewe.

Namna maji yanavyofanya ni rahisi kuielewa. Mvua kubwa ikipiga vilima vya juu vyenye udongo mkavu, ardhi haiwahi kuinywa. Maji yanatiririka juu juu kutoka pande zote na kukutana kwenye njia moja nyembamba. Ni kama faneli ya kumiminia mafuta ya taa: mdomo wa juu ni mpana, tundu la chini ni dogo, na kila kilichoingia juu kitapita kwenye tundu hilo. Maji yanayokimbia yakifika kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima. Yakifika sentimita 60 yanabeba gari. Na korongoni hayaji maji matupu. Yanakuja na mawe, magogo na matope mazito ambayo hata mwogeleaji hodari hawezi kuyaogelea.

Jambo jingine silisikii likisemwa, nalo ni kalenda ya shule. Familia zetu husafiri watoto wakiwa nyumbani: Aprili, Agosti, halafu Novemba na Desemba. Sasa tazama mvua. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Likizo mbili kati ya tatu zinaangukia mvua. Yaani mzazi anapokuwa na nafasi ya kumpeleka mtoto korongoni ndipo korongo nalo lina nafasi ya kupokea maji. Na asiseme mtu kwamba basi tungoje kiangazi, mambo yatakuwa sawa. Ajali ya 2019 ilitokea mwanzo wa Septemba, msimu ambao kwa kawaida hauna mvua nyingi.

Hebu nitunge kisa cha chama kimoja. Ni cha kubuni, lakini aliyewahi kusafiri na chama atakitambua.

Ni kina mama kumi na wawili, saba wa Kibera na watano wa Kawangware, waliofahamiana wakiuza mitumba katika soko la Toi. Kila Jumapili walimpa mweka hazina shilingi mia mbili mbili, akaandika kwenye daftari. Ilipofika Aprili wakakodi matatu ya abiria 33, wakajaza watoto, waume wawili waliokubali kuja, na shosho wa Silanga aliyelipiwa na mjukuu wake. Kuku alikaangwa usiku, chapati zikafungwa kwa gazeti, kreti ya soda ikawekwa chini ya kiti cha nyuma. Walifika saa tano. Jua lilikuwa kali.

Mwongozaji waliyepewa, kijana wa Kimaasai, alitazama upande wa vilima, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama, kule juu kumefunga. Nawashauri leo tusishuke. Tuzunguke kwa baiskeli, mle vizuri, mrudi nyumbani mkiwa mmefurahi."

Mwenyekiti akainua uso. "Kumefunga wapi? Si jua hili linatuchoma?"

"Watoto wamesubiri tangu Januari," akasema mweka hazina. "Wewe ndiye utakayewaambia wamekuja kuangalia baiskeli?"

"Dakika ishirini tu," akasema kijana mmoja aliyeshika kamera. "Tupige picha, tutoke."

Shosho alikuwa amekaa kwenye ngazi ya matatu akijipepea kwa leso. "Jua liko hapa, mvua iko kule," akasema. "Mimi sishuki, na huyu mjukuu wangu hashuki."

Wakamcheka, kwa upendo, kama watu wanavyomcheka mzee. "Shosho, sema tu miguu imekataa, usisingizie mvua!"

Wakashuka. Na hakuna kilichotokea. Mvua ya vilimani ilikuwa ndogo, vumbi likainywa. Walitoka na picha nzuri sana, wakaziweka kwenye status ya WhatsApp kabla hata hawajafika Mai Mahiu. Wakaimba njia nzima. Shosho akaonekana mwoga, na mwongozaji akaonekana mtu aliyetaka kulipwa bila kufanya kazi.

Mwaka uliofuata chama kilirudi, safari hii na wanachama wapya. Shosho hakuwamo; kiti chake kilipewa mtu mwingine na hakuna aliyeuliza. Mwongozaji alikuwa mwingine, lakini wingu lilikuwa mahali pale pale na maneno yalikuwa yale yale: kule juu kumefunga, tusishuke. Mweka hazina akatabasamu, akawaambia wale wapya, "Hata mwaka jana walituambia hivyo hivyo."

Hakuna aliyeuliza zaidi. Walikuwa wamefika pale kuta zinapokaribiana wakati kijito kilichokuwa kikipita kati ya viatu vyao, safi kabisa, kilipogeuka kahawia. Vijiti vikaanza kupita. Mwongozaji akapiga kelele, "Juu! Pandeni juu!" Waliokuwa karibu naye wakapanda, wakisukumana, wakivutana kwa nguo. Wengine wakakimbia kurudi walikotoka, kwa kuwa matatu ilikuwa huko. Mweka hazina alikuwa amekwisha kupanda hatua tatu nne alipokumbuka mkoba wa chama aliouweka kwenye jiwe kwa ajili ya picha. Akashuka kuuchukua. Binti yake akamfuata kumvuta. Hao wawili hawakutoka.

Mweka hazina wangu wa kubuni anaishi Lindi, Kibera. Nyumbani kwake, maji ya Motoine yakibadilika rangi, yeye ndiye wa kwanza kupiga mlango wa jirani. Hakukosa maarifa. Kilichomwua ni salama ya mwaka wa kwanza. Siku ile hatari ilikuwepo, ila haikuwafikia, na wote wakaondoka wakiamini kwamba wamejifunza kitu, kumbe walichojifunza ni uongo. Kila mtu aliyevuka mto uliojaa akafika ng'ambo salama ameongeza uongo huo, na anayeulipia ni mtu wa baadaye. Kwa hiyo ninapoambiwa "sisi tulishuka wakati wa mvua na hatukuona neno," mimi huogopa zaidi.

Halafu fikiri kuhusu yule mwongozaji. Anakula kwa safari anazoongoza. Akikuambia leo tusishuke, anajinyima pesa ya siku, na juu ya hayo huenda unamkasirikia. Neno linalomgharimu msemaji wake ndilo la kuaminiwa. Tunafanya kinyume: akisema twende tunamwamini, akisema tusiende tunamshuku. Tukimbana sana anakubali, kwa maana ana watoto nyumbani. Mwongozaji aliyekufa Septemba 2019 alikuwa ndani ya korongo pamoja na wageni wake. Kumlipa mtu anayejua njia hakuyazuii maji.

Tarehe 4 Desemba 2021 mambo ya namna hii yalionekana mchana kweupe katika mto Enziu, Mwingi, kaunti ya Kitui. Basi lililojaa wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilifika mtoni likakuta maji yamefunika daraja. Watu walikuwa wamesimama kingoni wakitazama, simu mkononi. Dereva akaingia. Basi likasukumwa taratibu, likaegemea ubavu, likazama. Zaidi ya watu 30 walikufa. Harusi ilikuwa ikisubiri, na abiria walikuwa na nguo zao nzuri. Naamini wengi ndani ya basi lile walitamani kusema tusivuke. Ni vigumu mtu mmoja kuwaharibia wengi siku, hasa siku ya furaha, na kwa maoni yangu ugumu huo umeua watu wengi kuliko kutojua kuogelea.

Sitaki mtu anielewe vibaya. Kuna wanaouawa na maji bila kupewa nafasi ya kuchagua. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliyokuwa yamezuiwa na matope na magogo chini ya tuta la reli yalipasuka juu ya kijiji cha Kamuchiri, Mai Mahiu, njia hiyo hiyo tunayopita kwenda Naivasha, na zaidi ya watu 50 wakafa, wengi wakiwa usingizini. Hao hawakupuuza onyo lolote. Wala mama anayekaa ukingoni mwa Motoine hakuchagua mto. Alichagua kodi anayoweza kuilipa. Masika ile ya 2024 iliua karibu watu 300 nchini. Ninayemlaumu hapa ni yule aliyeonywa, mwenye uwezo wa kugeuka, mwenye matatu inayomsubiri langoni, na bado akashuka na watoto.

Wala hili si jambo letu peke yetu. Huko Arizona, Marekani, karibu na Ziwa Powell, liko korongo jembamba la Antelope, katika ardhi ya Wanavajo. Tarehe 12 Agosti 1997, mvua ilinyesha mbali, juu, maili kadhaa kutoka pale walipokuwa watalii. Watu 11 walikufa, wengi wao kutoka Ufaransa. Aliyekuwa akiwaongoza aliokoka, maji yakiwa yamemvua nguo. Leo kuna ngazi za chuma zilizofungwa kwenye mwamba, hakuna anayeingia bila mwongozaji, na utabiri wa mvua za juu unafuatiliwa saa zote. Nchi tajiri, watu waliosoma, na fundisho lililowafikia ni lile lile la shosho wa Silanga.

Kwa hiyo nasema na mwenyekiti wa chama, kabla hajatuma malipo ya kwanza ya matatu. Safari iwe na mipango miwili tangu siku ya kwanza, na watoto waambiwe yote miwili, ili mpango wa pili usije ukaonekana adhabu. Utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa usomwe wa eneo lote la Naivasha na vilima vyake. Langoni, usimuulize askari kama korongo limefunguliwa. Muulize kama kumenyesha juu jana usiku, na kama kunanyesha sasa. Kabla ya kushuka, mwambie mwongozaji akuonyeshe mahali pote pa kupandia kutoka, na watoto wapaone kwa macho yao. Maji yakibadilika rangi, yakileta vijiti, au ukisikia mvumo usiouelewa, panda juu ulipo. Usikimbie kufuata njia uliyojia, maana maji yanaifuata hiyo hiyo na yana mbio kukushinda. Mkoba ubaki. Simu ibaki. Na kwenye daftari la chama liandikwe jina la mtu mmoja ambaye akisema hapana, hakuna kura inayopigwa.

Mpango wa pili mara nyingi huwa Ziwa Naivasha lenyewe, kwa boti, nao una masharti yake. Viboko wa Naivasha hawana mchezo. Agosti 2018 mtalii kutoka Taiwan aliuawa na kiboko akipiga picha hapo ufukweni, hata botini hakuwa amepanda. Picha ya kiboko ipigwe kwa mbali, na mtoto asiteremke kwenye majani ya ukingoni hata kwa haja ndogo. Jaketi la kuokoa maisha livaliwe na kufungwa mbele ya macho ya mama kabla injini haijawashwa, la mtoto likiwa saizi ya mtoto. Mwenye boti akiwaambia kwamba jaketi ziko sita na nyinyi ni wanane, lakini ni mwendo mfupi tu, wawili washuke wasubiri zamu ya pili.